Roboti inakatika USB kwenye Linux, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina roboti ndogo ya magurudumu niliyounda na wanafunzi wangu, inaendeshwa na bodi aina ya Arduino Uno yenye chipu ya CH340 (ya kuunganisha bodi na USB). Nikiichomeka kwenye laptopu ya Ubuntu 22.04, amri ya lsusb inaionyesha, kwa namba 1a86:7523, ila mlango wake wa mawasiliano, /dev/ttyUSB0, unatokea na kupotea papo hapo. Waya nimebadilisha (nyingine huchaji tu, hazipitishi data), na nimejiweka kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia milango hiyo. Bado.

Kwenye dmesg (kumbukumbu za mfumo) naona brltty, ile programu ya vifaa vya nukta nundu, ndiyo inayoikamata. Wengi husema iondolewe, lakini mwanafunzi wangu mmoja haoni na anaitegemea kwenye laptopu hiyo hiyo. Nifanyeje ibaki bila kuigusa bodi hii?