Ekari moja ya mchaichai Muheza: ninunue mtambo wa kupika mafuta au niache?

MwalimuMstaafu_Muheza

Wadau, habari za saa hizi.

Nimestaafu ualimu, nipo Muheza njia ya kupandia Amani. Nina kishamba cha ekari moja chenye mteremko. Michungwa iliyomo imezeeka, haizai kitu cha maana. Lakini kwenye kingo za matuta kuna mchaichai aliopanda marehemu baba kuzuia udongo, na umestawi kuliko chochote nilichowahi kupanda kwa mikono yangu.

Juzi nilikuwa Tanga mjini nikaona dukani kichupa cha mafuta ya mchaichai, mililita 10, shilingi 15,000. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, basi nikakaa kwenye daladala napiga: lita moja ni shilingi 1,500,000! Nikashindwa kulala.

Sasa kuna kijana anataka kuniuzia mtambo aliouunda kwa pipa la lita 200. Anasema utanitolea lita tatu kwa siku. Kabla sijagusa kiinua mgongo naomba wenye uzoefu wanisaidie. Ekari moja inatoa mafuta kiasi gani? Pipa hilo linatosha? Na mnunuzi ni nani?

Wale wa "njoo inbox" mnisamehe, semeni hapahapa watu wote wasome.

chogo_la_tanga

Mwalimu, huo mchaichai si ndio wa kufukuzia mbu? Bibi yangu alikuwa nao mlangoni. Panda ekari nzima, malaria itahama Muheza.

MpikaMafuta_Pemba

Mwalimu, shikamoo.

Mimi niko Pemba, upande wa Wete. Tuna kikundi, wengi wetu wanawake, tunapika mafuta ya mchaichai na ya majani ya mdalasini. Huku kwetu kazi hii si ngeni. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo, ambako vikonyo vya karafuu hupikwa vikatoa mafuta, na mchaichai na mkaratusi pia hupikwa hapo. Kwa hiyo mtu wa Pemba akisikia mtambo wa pipa unaotoa lita tatu kwa siku, hucheka kwanza ndiyo ajibu.

Kilo 100 za majani mabichi zinakupa gramu 200 hadi 400 za mafuta. Chukua 300, ndiyo siku njema. Pipa la lita 200 linameza majani kilo 35, ukishindilia vizuri 40. Kwa hiyo pishi moja, yaani kupika pipa mara moja, ni kama gramu 120, na pishi moja linachukua saa mbili hadi tatu tangu mvuke uanze kupanda. Lita tatu za mafuta ya mchaichai zina uzito wa kama kilo 2.7, na hizo zinataka majani kilo 900, yaani mapishi zaidi ya 20 ya pipa lako. Siku ina saa 24, Mwalimu, hesabu iliyobaki nakuachia.

Sasa ekari. Shamba letu likipata mvua na samadi linatoa kama tani tatu za majani kwa mkato mmoja. Hapo una kilo tisa za mafuta. Mikato mitatu kwa mwaka, kilo 27. Si haba! Lakini tani tatu kwa pipa lako ni mapishi 75. Ukipika mara tatu kwa siku bila kupumzika, ni siku 25 motoni kwa kila mkato, na majani ya mwisho utayakata yameshakomaa na kukauka ncha. Mtambo mmoja wa maana hulishwa na mashamba ya watu kadhaa. Ekari moja hailishi mtambo, na pipa halimalizi ekari. Wewe uko katikati pabaya, na huyo kijana anakuuzia hapo hapo katikati.

Nikiwa wewe ningetafuta majirani wanne au watano wenye mteremko kama wako, mpande wote, kisha mnunue tangi la lita 1,000 kwa pamoja. Hilo linachukua kilo 200 kwa pishi, tani zako tatu zinaisha kwa mapishi 15.

Halafu kabla ya kuulizia bei ya mtambo, ulizia maji na kuni. Watu wote huniuliza mtambo, hakuna anayeniuliza maji! Mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji ya baridi ndipo ugeuke kuwa majimaji. Maji yakipata moto, mvuke unatoka mzima na mafuta yako yanakwenda nao. Weka mkono pale yanapotokea majimaji: yawe vuguvugu, yasikuunguze. Na ukisikia harufu imejaa mtaa mzima, wapita njia wanasifu, usifurahi, hiyo ni pesa yako inapita hewani. Kama una kijito kinachoshuka kutoka juu, Mwalimu, una mali kuliko ekari yenyewe.

Kuni nazo ni balaa. Visiwa vya jirani zetu, Komoro, wanapika mafuta ya langilangi miaka mingi na mitambo imekula miti yao vibaya. Sisi makapi ya mchaichai tunayaanika na kuyarudisha motoni. Hayatoshi peke yake, lakini yanapunguza nusu ya maneno na mume.

Kuvuna: kata umande ukishakauka, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, usikate siku ya mvua. Tandaza kivulini usiku mmoja yanyauke kidogo, yatashindilika zaidi. Usiyarundike, yatapata joto na kuoza katikati. Ndani ya mtambo yakae juu ya wavu, yasiguse maji, na uyashindilie sawasawa. Ukiacha upenyo, mvuke utapita hapo hapo kama maji ya mfereji na majani ya pembeni yatatoka mabichi.

Kitu kingine. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, yanazama chini. Ya mchaichai yanaelea. Kwa hiyo chombo cha kutenganishia cha makonyo hakikufai, wewe unakinga mafuta juu na maji yanatokea chini. Muulize huyo kijana chombo chake kinatoa wapi mafuta. Akibabaika, ujue hajawahi kupika.

Huyo wa Tanga hapo juu: mchaichai wa chai na nyasi ya sitronela ni ndugu, si mmoja. Sitronela shina lake la chini lina wekunduwekundu na chai yake hainyweki. Mchaichai nao unafukuza mbu kidogo, lakini malaria ya Muheza haihami kwa bustani ya bibi, mwambie alale ndani ya chandarua.

FundiGerezani

Dada wa Pemba amemaliza, naongeza kwenye chuma tu maana ndiyo ugali wangu.

Mzee, mapipa mengi ya mtaani yalikuwa na kemikali au yamepakwa rangi ndani. Ukiyachemsha, mafuta yanatoka na harufu ya duka la rangi. Chuma cha kawaida kinapata kutu na kubadilisha rangi ya mafuta. Tumia stenlesi, au shaba kwa bomba la kupozea. Kama hela haitoshi, afadhali stenlesi iwe kwenye mfuniko, shingo na bomba, kwa sababu huko ndiko mvuke wenye mafuta unakopita.

Usizibe mfuniko kwa mpira wa tairi, mafuta haya yanautafuna. Tumia silikoni, au unga wa ngano uliokandwa kama wanavyofanya wazee, ukikauka moto unashika barabara. Na lingine naomba ulisome mara mbili: bomba la kutolea mvuke lisiwe jembamba, na lazima kuwe na vali ya usalama. Nimeona mfuniko uliofungwa bolti kila upande bila vali, majani yakaziba shingo, ukaruka ukatoboa bati. Mungu saidia hapakuwa na mtu karibu. Kijana akikwambia vali ni mbwembwe, mlipe soda aende zake.

Michoro unaweza kuulizia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, wana watu wa usindikaji wanaozungumza lugha hii.

Sabuni_za_Raskazone

Mwalimu karibu, mimi ni jirani yako, natengeneza sabuni hapa Tanga. Mnunuzi unayemtafuta ni mtu kama mimi. Ila sikupi bei ya kichupa! Ndani ya ile 15,000 kuna chupa, lebo, kodi ya duka, faida ya watu watatu, na mara nyingi mafuta yenyewe yamechanganywa na mafuta ya kula. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uache likauke. Halisi linaruka lote au linabaki kivuli, lililochanganywa linaacha doa la chapati.

Sabuni kilo 100 inakula kama kilo mbili za mafuta. Mtu mdogo kama mimi siwezi kumaliza kilo zako 27 kwa mwaka peke yangu, lakini tukiwa watengenezaji wachache zinaisha bila hata kuvuka Pangani. Ninachotaka ni harufu ileile kila mara. Wa kwanza ananiletea mafuta mazuri ya rangi ya njano, mwezi unaofuata ananiletea kitu chenye harufu ya moshi. Wateja wangu wanajua.

Na tafadhali usiniletee kwenye dumu la plastiki. Leta kwenye chupa nyeusi za kioo au chombo cha aluminiamu, kimejaa hadi shingoni, kwa sababu hewa na mwanga vinaiharibu harufu. Waambie pia wajukuu wasijipake hivihivi bila kuyachanganya, yanachoma ngozi.

Wakala_DSM

Naunga mkono soko la karibu. Mimi nanunua viungo na mafuta kwa ajili ya kusafirisha, na mafuta ya mchaichai huko nje kilo moja inazungumzwa kwa makumi ya dola, si mamia. Unashindana na India, ambako Kerala wana kituo cha utafiti wa mchaichai pale Odakkali tangu 1951 na aina zao wenyewe za mbegu. Unashindana na China na mafuta ya mti wa litsea, yenye sitrali, ileile inayotoa harufu ya ndimu kwenye mchaichai. Na juu ya wote kuna sitrali ya kiwandani isiyoona jani hata moja. Moto ulipotokea kwenye kiwanda cha sitrali cha BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, kule Ludwigshafen mwishoni mwa 2017, kampuni za manukato na sabuni zilihaha dunia nzima. Hapo ndipo unaona nani anashika bei.

Mnunuzi wa nje atataka cheti cha maabara kinachoonyesha sitrali ni asilimia ngapi (wengi wanaanzia 70 kwenda juu), halafu atataka ujazo. Kilo tisa hazipandi meli.

MwalimuMstaafu_Muheza

Binti yangu wa Pemba, marahaba. Nimerudia hesabu zako kwenye karatasi na zinakubali, hata nimeona aibu kwa ile ya kwenye daladala. Nimempigia kijana nikamuuliza mafuta yanatokea juu au chini. Akasema "vyote viwili, mzee, inategemea." Nimemshukuru.

Kijito ninacho, kinapita mpakani mwangu na hakikauki hata Januari. Majirani wawili wameshakubali, wa tatu anataka kwanza kuona pesa. Naomba mawili ya mwisho. Miche nitoe wapi ya ekari nzima? Na makapi, nina ng'ombe wawili wa maziwa, wanaweza kuyala?

MpikaMafuta_Pemba

Hahaha, "inategemea"! Nitawasimulia wenzangu kesho mtamboni.

Miche usinunue, Mwalimu. Unayo kwenye matuta ya baba. Ng'oa shina zima, ligawe, kila kipande kiwe na vijiti viwili vitatu na mizizi kidogo. Punguza majani ya juu ubakize kama shubiri moja, na mizizi mirefu ikate. Nafasi ya sentimita 60 kwa 60, ekari inataka vipande kama 11,000. Usishtuke, shina kubwa lililokomaa linatoa vipande zaidi ya 30. Yakipungua, panda robo ekari msimu huu, kisha uyagawe tena mwakani. Panda masika yakianza tu, udongo ukishalowa, ili Mei iyakute yameshika. Palilia miezi ya mwanzo. Yakishafunga ardhi yatajilinda yenyewe. Mkato wa kwanza usiwe na haraka, subiri miezi minne hadi sita. Baada ya miaka minne au mitano mashina yatachoka, utang'oa na kupanda upya. Na using'oe yote ya kwenye matuta, udongo wa mteremko utakuja sebuleni.

Mkiwa watatu, msingoje huyo wa tatu aone pesa. Tengenezeni tangi la lita 500 lenye stenlesi kule juu kama alivyosema fundi, muweke kwenye ule mpaka wa kijito ili maji yashuke yenyewe bila pampu.

Ng'ombe wanakula. Yaanike kidogo yapoe, uchanganye na majani mengine, usiwape peke yake. Wape baada ya kukamua, si kabla, maana maziwa yakipata ile harufu watu wa chai wataipenda ila wa mtindi watakurudishia.