Vyuo vya Marekani na timu za mieleka: zimekufa au zimefufuka?

Maalim_Kisauni

Assalaam aleikum jamaa. Klabu yetu ina mvulana wa kilo 65 na msichana wa kilo 50, wote wako kidato cha nne na wanataka kuomba vyuo vya Marekani kwa mieleka. Wengine wanasema timu zimefungwa kwa wingi, wengine wanasema mchezo haujawahi kuwa na nguvu kama sasa. Lipi la kweli? Na nitajuaje chuo hakitafuta timu kijana akiwa mwaka wa pili?

Mkeka_Tudor

Wa aleikum salaam, Maalim. Yote mawili ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo vya NCAA, shirikisho kuu la michezo ya vyuo Marekani lenye madaraja matatu, vyenye timu ya wanaume vilipita 350. Leo daraja la kwanza lina vyuo visivyofika 80. Lakini mwaka 2015 chuo cha Iowa kiliikaribisha timu ya chuo cha Oklahoma State kwenye uwanja wa mpira wa Kinnick, wakaja watu 42,287 kutazama mieleka.

Lawama nyingi hutupiwa Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Sheria hiyo haisemi popote mieleka ifungwe. Njia mojawapo ya kuitimiza ni uwiano: wasichana wakiwa asilimia 52 ya wanafunzi, nafasi zao za michezo zikaribie hapo. Sasa piga hesabu. Mpira wa Kimarekani peke yake ulikuwa na nafasi 85 za ufadhili, zote za wanaume, na hakuna mkuu wa michezo anayethubutu kuugusa. Kuanzisha timu ya wasichana ni gharama. Kufuta wavulana 30 wa mieleka kunaokoa pesa, na uwiano unasogea siku hiyohiyo. Makocha waliishtaki Wizara ya Elimu mwaka 2002, kesi ikatupwa. Kwangu mimi, mkataji hakuwa msichana wala sheria, bali bajeti. Tazama chuo cha Oregon: mwaka 2007 kilitangaza kuondoa mieleka na papo hapo kikarudisha besiboli, mchezo wa wanaume vilevile.

Kwa hiyo neno la kuuliza ni wakfu, yaani mfuko wa kudumu wa michango unaoigharimia timu. Arizona State ilifuta timu Mei 2008, wafadhili wakachangia, ikarudishwa siku chache baadaye. Miaka mitatu mbele, Anthony Robles, aliyezaliwa na mguu mmoja, akaichukulia ubingwa wa pauni 125. Stanford ilitangaza Julai 2020 kwamba itafuta michezo 11, mieleka ikiwemo. Shane Griffith akaingia fainali ya 2021 na kivazi cheusi kisicho na jina la chuo, akashinda pauni 165. Mei mwaka huohuo uamuzi ukatenguliwa. Fresno State ndiyo ya kukutia hofu: ilifungwa 2006, ikafunguliwa 2017, ikafungwa tena 2021.

Muulize kocha wazi: mshahara wako unatoka kwenye wakfu au kwenye bajeti ya mwaka? Timu ina ukumbi wake au inatandika na kukunja mikeka kila siku? Chuo kinapanga kuhama daraja? Nebraska-Omaha walitwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 2011, na mara tu baada ya hapo timu ikafutwa kwa sababu chuo kinapanda daraja la kwanza. Ubingwa haukuwaokoa.

Fundi_Likoni

Naongeza. Bahati huhama hata baina ya wakubwa. Oklahoma State ina mataji 34 ya taifa ya timu. Kocha Dan Gable aliipa Iowa mataji 15 kati ya 1978 na 1997. Penn State ilikuwa na moja tu, la 1953, hadi kocha Cael Sanderson alipohamia huko 2009. Kufikia 2025 ameshaipa 12. Ila usimpeleke kijana wako akagonge mlango wa Penn State. Tazama NAIA, shirikisho jingine la vyuo vidogo, kama chuo cha Grand View cha Des Moines, na daraja la pili la NCAA. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, msaada wake ni wa masomo na wa hali ya familia.

Tena mvulana atakutana na sheria ngeni. Sisi tunafundisha kwamba ukiangushwa ulale kifudifudi, mwamuzi atawasimamisha. Vyuoni hawasimamishi. Aliye juu akikukalia akakuzidi kwa dakika nzima anapata pointi ya ziada mwishoni. Kumwangusha mtu ni pointi 3 tangu msimu wa 2023–24, kuponyoka chini ni 1. Aanze leo kujifunza kuinuka: ashike kwa mikono miwili ule mkono uliomzunguka kiunoni, akanyage kwa mguu mmoja, asukume nyonga mbele mgongo ukiwa wima, ndipo ageuke. Wengi hugeuka kabla hawajaufungua ule mkono, wanarudishwa chini.

Maalim_Kisauni

Shukran sana. Je, huyu wa 65 anaweza kushuka pauni 133? Ni kama kilo 60.3.

BintiMajengo

Hapana Maalim, na nakusihi usimjaribu. Novemba na Desemba 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vitatu walikufa wakikata uzani. Tangu hapo nguo za raba za kutoa jasho na sauna ni marufuku, na uzani wa chini hupimwa mwanzo wa msimu. Kwanza mkojo, kuona kama mwili una maji ya kutosha: kipimo cha uzito wa mkojo kisizidi 1.020, kikizidi anarudishwa. Kisha mafuta ya mwili. Tuseme ana asilimia 10: bila mafuta ni kilo 58.5. Gawa kwa 0.95, kwa sababu lazima abaki na asilimia 5, unapata 61.6. Hapo ndipo mwisho wake, 133 haimhusu. Aende 141, yaani kilo 64, na asishuke zaidi ya asilimia 1.5 ya uzani kwa wiki. Kumkimbiza na mifuko ya plastiki kwa unyevu huu wa Mombasa ni hatari kuliko huko: jasho halikauki, mwili haupoi.

Msichana ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi. Januari 2025 NCAA iliidhinisha mieleka ya wanawake iwe na ubingwa wake, kuanzia 2026, na wanawake hucheza mtindo huru wa kimataifa, uleule mnaofundisha. Hana sheria mpya za kujifunza. Kwa kilo 50 yuko karibu sana na pauni 110, ambayo ni 49.9. Asipunguze chakula kwa sababu ya gramu mia. Mrekodi mapambano mazima matatu, yale aliyoshindwa pia, vipande vya madoido kocha hatavisoma. Nakala za alama za kidato cha kwanza hadi cha nne aziandae sasa, kabla shule haijafunga, na ajisajili kwenye kituo cha ustahiki cha NCAA kabla ya kumwandikia kocha yeyote.