Senta mkongwe wa benchi ana faida gani kwenye timu?

mtu_wa_benchi
Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kinanichanganya miaka yote. Timu ina nafasi 15 tu za mikataba ya kawaida, alafu unakuta moja kapewa senta (yule mrefu wa chini ya ringi), mzee wa futi 7 mwenye miaka 35 au 36, magoti yamechoka, haruki tena, tatu (mitupo ya mbali ya pointi 3) hapigi, na zinaweza kupita mechi hata kumi hajavua traksuti. Na kuna dogo wa miaka 20 anaruka hadi kichwa kinakaribia ringi na hana pa kukaa. Mpira wenyewe siku hizi ni kukimbia na kutupa tatu. Hivi huyu mzee anawekwa kwa faida gani, au ni ushkaji tu wa makocha? Na jamani msiniletee ile ya "anawapa madogo uzoefu", hiyo kila mtangazaji anaisema. Nataka kitu ninachoweza kukiona uwanjani.

faulo_ya_sita
Mkuu anza na hesabu. Mechi ni dakika 48, senta namba moja akicheza sana ni 34 au 35, zinabaki 13 hivi na lazima mtu asimame pale chini ya ringi. Alafu senta ndo anakula faulo kuliko wenzake, maana kila uzembe wa walinzi wa juu unaishia kwake, mtu kapitwa huko mbele yeye ndo anatoka kuziba. Faulo mbili robo ya kwanza, kocha anamkalisha. Sasa hapo umuingize yule dogo wako anayeruka, si anaruka kila akidanganywa, dakika 4 tu na yeye ana faulo 3, wapinzani wako kwenye bonasi wanatembea kwenda mstari wa mitupo huru robo nzima. Mzee haruki. Anasimama wima mikono juu anamuacha jamaa atupe kikapu kigumu, kikiingia kimeingia. Kwenye klipu hutaiona hiyo hata siku moja. Kocha anachomtaka afanye ni dakika 12 zipite bila kitu chochote kutokea.

kidole_hapana
Umesahau Mutombo mkuu? Houston msimu wa 2007-08 wameshinda mechi 22 mfululizo. Ilipofika ya 12 senta wao Yao Ming akaumia mguu, msimu umeisha kwake. Watu wote wakasema basi, hawa wamekwisha. Akaanza Dikembe Mutombo, miaka 41, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa anaingia kwa kudokoa dokoa, na wakashinda nyingine 10. Kumi! Na mzee kidole chake kile kile hewani, kile cha kuwaambia "hapana" akishawazuia. Sio kwamba alikuwa anafunga, kufunga kulikuwa kwa kina McGrady, ye kazi yake ilikuwa watu wasipite pale kati.

Mwingine Alonzo Mourning. Yule alishapandikizwa figo 2003, akarudi Miami kuwa msaidizi wa senta wao Shaq. Mechi ya 6 ya fainali 2006 kule Dallas katoka benchi, dakika 14 tu, bloku 5, wakabeba ubingwa usiku ule ule. Tafuta hiyo mechi uiangalie uone alivyokuwa anacheza kama mtu anayedaiwa.

data_kwanza
Hapa naona mnachagua hadithi tamu. Hao hao Houston baada ya zile 22 walitolewa na Utah raundi ya kwanza, hiyo hamjaiandika. Na Mourning hakuwa mzee wa kawaida, alishakuwa mlinzi bora wa ligi mara mbili, sio kila mzee wa benchi ni Mourning.

Kwa mtazamo wangu shida ya mkongwe ni moja tu, miguu, na wapinzani wanaijua. Wanamtafuta. Ile skrini ya juu (mtu anasimama kumzibia njia anayemkaba mwenzake), senta kabaki nyuma karibu na ringi kwa sababu hawezi kutoka, gadi, yule mfupi mwenye mpira, anasimama mwenyewe kwenye mstari wa tatu anatupa. Wanarudia. Wanarudia tena. Mara mbili tatu hivi kocha hana budi kumtoa. Mfano mzuri ni Lakers 2020. Mfululizo wao na Houston, ile Houston iliyokuwa inacheza bila senta kabisa, Dwight Howard karibu hakuguswa, kocha Vogel aliamua kucheza na watu wafupi. Raundi iliyofuata ni Denver yenye senta Jokic, Howard huyo huyo karudishwa na baadae akaanzishwa kabisa kwa sababu sasa kuna mtu wa kusukumana naye. Kwa hiyo ni kama tairi la spea, thamani yake inategemea barabara. Mkisema ana faida kila usiku mnadanganyana.

piki_na_bega
@data_kwanza kwa kweli umeandika vizuri na hiyo ya Howard naikubali, ila mtoa mada kasema anataka kitu cha kuonekana uwanjani, na mimi nacheza ligi za mtaani, kwenye timu yetu kuna mzee mmoja senta, ngoja niseme ninachokiona maana kwenye TV kamera inafuata mpira huwezi kukiona.

Kwanza mdomo. Mimi ni gadi, nikiwa namkaba mwenye mpira mgongo wangu hauoni kitu. Yeye yuko nyuma anaongea muda wote, "kulia kulia, skrini kulia, pita juu, niko hapa", na anasema KABLA skrini haijafika, sio ikishanigonga. Akiingia dogo anayembadilisha kunakuwa kimya, nagongwa bega na mtu ambaye sikujua yupo, alafu dogo ananiangalia kama kosa ni langu.

Pili skrini zake mwenyewe. Anakuja taratibu, anasimama, na sekunde ya mwisho anageuza tu nyayo na kiuno kidogo, yule anayenikaba alikuwa anataka kupita juu anakuta kuna ukuta. Refa hana cha kupuliza. Madogo wao wanapiga skrini huku wanakimbilia ringi wakapokee pasi ya danki, skrini haijamgusa mtu.

La tatu ribaundi (kuokota mpira uliokosa kikapu), na hii inachekesha, mzee wetu haongozi kwa ribaundi hata siku moja lakini akiwa ndani timu inashinda ribaundi. Anaweka makalio kwa yule jitu lao, anamsukuma nje taratibu, mpira unadondoka naokota mimi mfupi. Kwenye karatasi imeandikwa jina langu.

Hivi vitu havihitaji kuruka. Vinahitaji kwamba umeshafanya hivyo miaka 15.

mtu_wa_benchi
@piki_na_bega hii ndo nilikuwa naitafuta, asante sana. Hiyo ya makalio nitaanza kuiangalia. Ila swali langu la nafasi bado lipo, kwanini wasimpe dogo mkataba ajifunze hayo hayo?

faulo_ya_sita
Dogo wanaye tayari. Kuna zile nafasi 3 za mikataba ya tu-wei (two-way), huko ndo wanawekwa, anacheza ligi ya chini dakika 30 kila mechi badala ya kukaa akiangalia. Mzee hahitaji dakika ili abaki mzima, dogo anazihitaji. Alafu kuna pesa. Mkongwe akisaini mshahara wa kima cha chini mwaka mmoja, kwenye hesabu za timu anaingia kama mtu mwenye uzoefu wa miaka 2, kinachozidi hapo inalipa ligi. Kwa hiyo mtu wa miaka 14 kwenye ligi hakugharimu zaidi ya wa miaka 2, na timu inayokaribia mstari wa kodi ya mishahara hiyo inaipenda.

kidole_hapana
Na senta mkongwe Horford je? Boston 2024, senta wao Porzingis akaumia raundi ya kwanza kule Miami, babu akaanza hadi fainali, msimu wake wa 17 ndo anapata pete ya kwanza na miaka 38. Na huyo tatu anapiga vizuri tu, @data_kwanza huko juu ulisema shida ni miguu.

data_kwanza
Horford namtoa kwenye mjadala, yule kwa kiwango ni mchezaji wa kuanza ambaye alikubali kukaa benchi. Mnisikilize, sijasema wasiwekwe. Nimesema usimlipe mkongwe kwa sababu ya jina, mlipe kama una senta ambaye akikaa tu timu inabomoka. Denver miaka yote kidonda chao ni dakika ambazo Jokic kapumzika. 2025 wakaenda kumchukua senta Valanciunas, mtu aliyekuwa wa kuanza karibu maisha yake yote. Hapo naelewa. Lakini timu inayoshinda mechi 20 kwa mwaka na ina babu wa miaka 37 pale mwisho wa benchi, mnieleze anazuia nini.

piki_na_bega
Anazuia gadi wao asigongwe bega 😂