Glukosi hupandaje kuingia kwenye seli ya utumbo ikiwa kisafirishi chake hakitumii ATP?

Swali

Ndugu zangu, ninaelewa kwamba tabaka la lipidi la utando wa seli huziachia oksijeni na kabonidayoksaidi zipite zenyewe, lakini huzuia ayoni na molekuli kubwa zinazopenda maji, na kwamba kazi ya kuzipitisha hizo ni ya protini. Ninaelewa pia kwamba kuhamisha kitu kutoka penye ukolezi mdogo kwenda penye ukolezi mkubwa hugharimu nishati. Sasa, kitabu changu kinasema kwamba protini ya SGLT1 katika utumbo mwembamba huingiza glukosi hata pale ambapo ndani ya seli tayari ipo nyingi kuliko nje, na papo hapo kinadai kwamba haivunji ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Nishati inatoka wapi? Tena, ikiwa huo ni mlango, mbona glukosi hairudi ilikotoka?

Jibu la 1

Nishati hulipwa, ila mlipaji ni protini nyingine. Upande wa seli ileile unaoelekea kwenye damu kuna pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo kwa kila molekuli ya ATP hutoa nje ayoni 3 za sodiamu na kuingiza ayoni 2 za potasiamu. Kwa kazi hiyo isiyokoma, sodiamu ndani ya seli hubaki kama milimoli 10 hadi 15 kwa lita, ilhali katika majimaji ya mwili nje yake hukaribia 145. Isitoshe, upande wa ndani wa utando kuna chaji hasi inayozidi kuivuta sodiamu iingie. SGLT1 hutumia mvuto huo: ayoni 2 za sodiamu zinapoteremka kuingia, molekuli 1 ya glukosi hupanda pamoja nazo.

Wazo hili lilitolewa na Robert Crane mjini Prague mwaka 1960, miaka 3 baada ya Jens Christian Skou kuchapisha ugunduzi wa pampu yenyewe. Ushahidi ninaouona mzuri kuliko wote ni wa ouabaini, sumu ya mimea inayozuia pampu hiyo. Ikiwekwa upande wa damu, ufyonzaji wa glukosi hufifia, ingawa sumu hiyo haiigusi SGLT1 kabisa.

Jibu la 2

Naomba niongezee kuhusu neno "mlango", kwani hapo ndipo wengi hupotoka. Chaneli ya ayoni ni tundu ambalo likifunguka huwa wazi pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana chaneli ya potasiamu huweza kupitisha ayoni zipatazo milioni 100 kwa sekunde. Kisafirishi hakifunguki hivyo. Kwanza hutazama nje. Sodiamu hushika nafasi zake na kuifanya protini iipokee glukosi vizuri. Kisha umbo hugeuka, upande wa nje ukafumba na wa ndani ukafunguka. Ndani, sodiamu ni chache, kwa hiyo iliyobebwa huachia, na glukosi nayo huachiwa. Kurudi si jambo lisilowezekana, bali ni nadra, kwa sababu glukosi ingehitaji kuandamana na sodiamu ambayo pampu imekwisha kuiondoa.

Muuliza swali

Nashukuruni sana. Je, kutoka kwenye seli kwenda kwenye damu nako kunahitaji sodiamu?

Jibu la 3

Hapana. Huko glukosi huteremka tu kupitia GLUT2, kisafirishi kisichohitaji sodiamu wala ATP, kwa kuwa seli imekwisha kuilimbikiza. Fruktosi huteremka hivyo hata wakati wa kuingia, kupitia GLUT5.

Mfumo huu ndio unaoeleza kwa nini maji ya chumvi na sukari humsaidia mgonjwa wa kipindupindu. Sumu ya bakteria husababisha chaneli ya kloridi iitwayo CFTR ibaki wazi, kloridi ikamwagika utumboni, sodiamu na maji yakafuata. Lakini SGLT1 huendelea kufanya kazi. Mgonjwa akipewa glukosi na sodiamu kwa pamoja, vyote viwili hufyonzwa na maji huvifuata. Ndiyo sababu mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una milimoli 75 za glukosi na 75 za sodiamu kwa lita.