MREJESHO: Klabu binafsi inaweza kukataa mwanachama kisa jinsia?

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kama klabu binafsi kule Marekani inaweza kukataa wanawake halafu ijitetee kwa uhuru wa kujumuika, nilikuwa na mdahalo. Asanteni sana aisee.

Nilimfuata aliyesema niache hisia nianze na kesi ya Jaycees, chama cha vijana wa kiume cha Marekani kilichowanyima wanawake uanachama kamili, ya 1984. Nimeisoma mpaka usiku mnene, kumbe Mahakama ya Juu iliangalia ukubwa wa kundi, linachujaje watu, na kama kuingiza wanawake kutaharibu ujumbe wake, wakaona hawa wanapokea karibu kijana yeyote wa kiume bila kuchuja, hoja yao ya uhuru wa kujumuika ikafa hapo hapo. Upande huo nilishinda.

Nilipokwama ni kesi ya Boy Scouts (skauti wa Marekani) na Dale, kiongozi wao waliyemfukuza kwa kuwa shoga, 2000, skauti walishinda kwa kura 5 kwa 4. Nikaulizwa mbona hao nao ni wengi, nikabaki nimeshika maiki kimya. Jibu nimelipata baadaye: mahakama ilikubali kwamba kulazimishwa kuwa na kiongozi shoga kungebadili ujumbe wao. Binafsi uamuzi ule unaniuma mpaka leo. Anayekuja nyuma azisome zote mbili pamoja, asifanye kama mimi.