Kikombe cha Babu, mafuta ya upako na "zijaribuni hizo roho": tuongee ukweli

MLETA MADA: Wakuu heshima kwenu. Nimekumbuka ile 2011 ya Loliondo, kijijini Samunge, mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri) marehemu Ambilikile Mwasapile, Babu. Kikombe kimoja tu cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga, eti kinaponya magonjwa sugu, bei jero (shilingi 500), foleni ya magari kilomita na kilomita, vigogo wanashuka na helikopta, wengine wakafia kwenye foleni hata hawajakionja. Babu alisema Mungu kamuonyesha ndotoni na ukiibeba dawa kwenda nayo kwako haifanyi kazi, lazima unywe pale pale.

Kinachonichanganya ni hiki, sisi tumezoea kumpima mtumishi kwa pesa, akipenda hela tunasema Gehazi huyo, yule mtumishi wa Elisha aliyeponzwa na tamaa. Sasa jero ni tamaa gani? Ila mtu anaweza asiwe na tamaa hata chembe na bado ndoto yake ikawa ndoto tu. 1 Yohana 4:1 inasema zijaribuni hizo roho, haya tunazijaribuje?

MCHANGIAJI 1: Unamjaribu Mungu mkuu. Naamani, yule jemadari mwenye ukoma, alipoambiwa na Elisha akaoge Yordani naye aliudharau akaona mito ya kwao Dameski ndo mito, alipojichovya mara saba si akapona? Ukianza kudai vipimo ujue hujaamini.

MLETA MADA: Naamani ngozi yake kila mtu aliiona. Na wale wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa nendeni mkajionyeshe kwa makuhani, na kuhani enzi hizo ndo alikuwa mkaguzi wa ukoma, yaani kama leo uambiwe nenda maabara. Yesu hakuogopa kukaguliwa. Siku hizi mtu anapewa maiki dakika mbili atoe ushuhuda, Jumatatu hakuna anayejua anaendeleaje.

MCHANGIAJI 2: Mimi naongea kwa uchungu jamani mnisamehe. Mama yangu mdogo aliambiwa kanisa moja hivi, silitaji, kwamba vidonge vya presha ni kukosa imani. Akaacha. Wiki ya tatu akaanguka bafuni, mpaka leo kapooza upande mmoja, na mchungaji akasema imani yake ilikuwa haba!! Yaani akipona ni upako wako, akianguka ni imani yake, sasa wewe mtumishi unakoseaga lini? Paulo ambaye hadi leso zake ziliponya watu alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa (2 Tim 4:20) na hakumsema imani ndogo. Na Moshi Februari 2020 watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi wakigombania kukanyaga mafuta ya upako, nao tuseme walikosa imani? Wao ndo walikuwa wanakimbia mbele.

MCHANGIAJI 3: Pole sana dada. Ila msitufunge midomo sote. Mi nimezaliwa na pumu, nikaombewa na wazee wa kanisa kimya kimya tu, hakuna maiki hakuna sadaka, huu mwaka wa nne inhela iko mfukoni sijaipuliza. Nikane?

MLETA MADA: Usikane mkuu, hiyo nakupa. Ila mbona bado unatembea nayo?