Mwenye ploti, anayekujazia marejesho ya ushuru awe na leseni?

Mleta mada: Nina kidonda. Miaka miwili kijana wa saiba alinijazia marejesho kwa shilingi 200, akaandika sina mapato yoyote, nami nina vyumba kumi vya shilingi 8,000 kila kimoja. Sikumwambia, ni kweli, lakini naye hakuuliza. Anayejazia watu ushuru kwa malipo alazimishwe kuwa na leseni. Mnasemaje? (Nikisema kodi ni ile ya mpangaji, ya serikali naiita ushuru, tusivurugane.)

Karani wa saiba: Mimi ndiye huyo kijana, ama mwenzake. Ikikaribia Juni 30, siku ya mwisho ya kujaza marejesho, foleni inafika barabarani. Ukimuuliza mtu kama ana nyumba za kupangisha, anakutazama kama jasusi wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Na leseni ya nini? Kodi yako ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 kupita. Ilikuwa 10 hadi mwisho wa 2023. Wewe unapokea 80,000, lipa 6,000. Mtoto wa shule anaiweza hiyo.

Mhasibu: Anaiweza, ndiyo, kwa sababu gharama hazihesabiwi hata moja. Mleta mada, una mkopo?

Mleta mada: Nilijengea mkopo. Riba peke yake 45,000 kwa mwezi.

Mhasibu: Basi kwa njia ya saiba unalipa 72,000 kwa mwaka. Ungemwandikia Kamishna kwamba unajitoa kwenye mpango huo, ukarudi kwenye ushuru wa kawaida, riba ingeondolewa kwanza. 960,000 toa 540,000, inabaki 420,000. Ukipigiwa viwango vya kawaida, vinavyopanda kwa ngazi, kisha ukatolewa nafuu yako ya 28,800 ya mwaka, unalipa 34,600. Hiyo barua kijana wa saiba hajawahi kuisikia. Leseni, tafadhali.

Mwalimu mwenye vyumba: Pole pole na hizo barua! Mimi nina mshahara, na unapita ile 32,333 ya mwezi inapoanzia ngazi ya asilimia 30. Faida ya nyumba ingepandishwa juu yake ikatwe asilimia 30 yote. Hiyo 420,000 ingenitoa 126,000. Mshauri aliyeniandikia barua alikuwa na cheti ukutani, fremu ya dhahabu. Hakuniuliza kama nimeajiriwa.

Mleta mada: Sasa cheti kimesaidia nini? Mimi sina mshahara, barua naandika. Na matengenezo je? Fundi wa mabomba amenila vibaya mwaka huu.

Mhasibu: Bila risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, hayahesabiki.

Mleta mada: Fundi wangu ana simu ya kabambe tu, isiyo na intaneti!

Karani wa saiba: eTIMS inaingia hata kwa kabambe, bonyeza *222#. Mlete nimwonyeshe. Ni 200.